Jinsi ya Kupika Anko, Rojo Tamu ya Azuki ya Kijapani, Jikoni Kwako

Maswali huja yaleyale. Niloweke usiku kucha? Mbona nimechemsha saa tatu na bado punje ni ngumu? Huu ukakasi ulimini unatoka wapi? Naweza kutumia maharage ya dukani? Nimeyajibu kwa mmoja mmoja mara nyingi mno, kwa hiyo leo nayaweka yote pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia kuchambua hadi kuweka kwenye friji.

Kuna jambo moja ambalo ukilishika mengine yatakuwa mepesi: sukari haiingii sufuriani mpaka azuki, zile punje ndogo nyekundu za jamii ya kunde, zimelainika kabisa. Siyo zimekaribia. Zimelainika. Karibu kila anko iliyoharibika niliyoletewa niionje ilikuwa imeharibikia hapo, na baada ya hapo hakuna dawa. Ukiona narudia jambo hili mara mbili tatu humu ndani, nivumilie, maana ndiyo kiini cha kazi yote.

Anko ni nini

Kwetu neno hili humfanya mtu amfikirie mjomba, lakini kwa Wajapani anko ni azuki zilizochemshwa mpaka zikalainika, zikatiwa sukari, zikapikwa tena mpaka zikawa rojo nzito. Ndiyo inayojazwa ndani ya mikate ya anpan, ndiyo inayobanwa katikati ya vichapati vinene vya dorayaki, ndiyo iliyofichwa ndani ya daifuku, vidonge laini vya mochi, yaani mchele wa kunata uliopondwa.

Aina kuu ni mbili. Tsubuan huachwa na punje zake, ukiuma unakutana nazo. Koshian huondolewa maganda yote, ikawa laini kabisa. Kuna kitafunio cha mchele wa kunata kilichovikwa anko ambacho Wajapani hula katika siku za mchana na usiku kulingana, Machi na Septemba. Cha Machi huitwa botamochi, kwa jina la ua la botan, na cha Septemba huitwa ohagi, kwa jina la ua la hagi. Maelezo ya jadi ni kwamba wakati wa vuli azuki ni za mavuno mapya, ganda ni laini, kwa hiyo hutumika tsubuan. Ifikapo Machi azuki zimekaa ghalani, ganda limekuwa gumu, basi huliondoa na kutumia koshian. Maelezo hayo yana somo la kweli kwa mpishi: umri wa punje ndio unaokuambia upike ipi.

Kama ni mara yako ya kwanza, anza na tsubuan. Koshian ni kazi ileile pamoja na saa moja zaidi ya kuchuja na kukamua.

Andaa hivi kabla ya kuwasha jiko

- Azuki kavu, gramu 250
- Sukari nyeupe ya kawaida, gramu 200 hadi 250
- Chumvi, robo ya kijiko cha chai
- Maji, kama lita 3 kwa jumla
- Sufuria ya lita 3 yenye kitako kinene
- Mwiko wa mbao wenye mpini mrefu
- Chujio, na kitambaa safi chepesi cha pamba
- Sinia au trei pana ya kupozea
- Mizani ya jikoni
- Muda wa saa tatu ambao hutaitwa kwenda mahali pengine

Azuki ni punje ndogo, kubwa kidogo kuliko choroko, nyekundu iliyokolea, na ubavuni zina mstari mweupe ulionyooka. Mstari huo ndio alama yake. Kama unaona jicho lenye duara jeusi kulizunguka, hizo ni kunde. Kama punje ina umbo la figo na ukubwa wa ncha ya kidole, hayo ni maharage ya kawaida. Azuki hupatikana kwenye maduka yanayouza vyakula vya Kijapani, Kichina au Kikorea, na mara nyingine kwenye supamaketi kubwa. Pakiti nyingi nzuri za Japani zitakuwa zimeandikwa Hokkaido, kisiwa cha kaskazini kinachotoa sehemu kubwa ya azuki za nchi hiyo, hasa eneo la Tokachi. Ukiona dainagon, hizo ni azuki za punje kubwa ambazo maganda yake hayapasuki ovyo; ni ghali, na ziwekee siku utakayokuwa umeshazoea.

Tazama tarehe kwenye pakiti. Azuki zilizokaa miaka miwili mitatu rafuni huchemka bila mwisho, nyingine hazilainiki kamwe. Punje nzuri inang'aa. Iliyopauka na kukunjamana iache dukani.

Sufuria nayo ina neno. Chuma kisichopakwa enameli huifanya azuki kuwa nyeusi, kwa sababu rangi ya ganda hukutana na chuma. Mafundi wa vitamutamu vya Kijapani hupenda sufuria za shaba kwa kuwa husambaza joto sawasawa, lakini si lazima uwe nayo. Sufuria zetu nyingi ni za alumini nyembamba. Hizo zinafaa, ila kwenye hatua ya sukari moto uwe mdogo na mkono usisimame.

Na maji. Maji ya visima vingi vya pwani, yanayopita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi, na chokaa hukaza maganda ya jamii yote ya kunde. Japani maji mengi ni laini, ndiyo maana vitabu vyao havilisemi jambo hili. Kama birika lako hushika ukoga mweupe ndani, pikia anko kwa maji ya mvua yaliyo safi au maji ya chupa.

Hatua kwa hatua: tsubuan

1. Chambua na uoshe. Mwaga azuki kwenye sinia, ondoa vijiwe, punje zilizotobolewa na wadudu na zile zilizovunjika. Osha mara mbili kwa maji baridi. Usiloweke. Ganda la azuki halipitishi maji isipokuwa kwenye sehemu moja ndogo karibu na jicho, kwa hiyo ukiloweka usiku kucha utaamka ukute nusu ya punje zimevimba na nusu ni kavu kama zilivyokuwa, kisha zote zitaiva kwa nyakati tofauti. Na katika joto la kwetu maji hayo yatakuwa yameanza kuchacha.

2. Chemsha maji ya kwanza, ya kumwaga. Weka azuki sufuriani, tia maji yapite juu yake kwa vidole vitatu, injika kwenye moto mkubwa. Yakishachemka utaona maganda yamejikunja mikunjo. Hapo mimina kikombe kimoja cha maji baridi. Wajapani huyaita bikkuri mizu, maji ya kushtua, na kazi yake ni kushusha joto la nje ili ndani ya punje kupate nafasi ya kulifikia ganda. Acha yachemke tena kwa dakika tano hadi nane, mpaka maji yawe na rangi ya chai ya rangi iliyokolea na mikunjo iwe imenyooka. Sasa mwaga maji yote kwenye chujio, suuza azuki kwa maji safi, na osha kuta za sufuria.

Hatua hii inaitwa shibukiri, yaani kukata ukakasi. Atakayeiruka atapata anko inayokausha ulimi kama ndizi mbichi, na sukari haitaficha. Lakini pia usimwage mara nne. Mara moja inatosha kwa anayependa ladha ya azuki. Mara mbili ni kwa anayetaka kitu chepesi zaidi. Kuzidi hapo unamwaga harufu yenyewe unayoitafuta.

3. Chemsha mpaka zilainike. Rudisha azuki sufuriani, tia maji mapya kama lita moja, chemsha, kisha punguza moto mpaka punje zicheze polepole. Ondoa povu linalokusanyika juu. Funika nusu. Hatua hii huchukua dakika 60 hadi 90, na kila unapoona punje zinakaribia kutokeza juu ongeza maji ya moto. Punje iliyo nje ya maji hukakamaa na haitalingana tena na wenzake.

Wengi huongeza moto hapa kwa kukosa subira. Maji yakitokota kwa nguvu, punje zinagongana, maganda yanapasuka kabla ndani hapajaiva, wanga unamwagika na kuwa kama uji, kisha uji huo unashika chini na kuungua. Unaishia na supu yenye punje ngumu.

Kama unaishi nyanda za juu, ongeza muda. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na maji huko huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100. Dakika 90 za Mombasa zinaweza kuwa saa mbili na zaidi Nairobi. Hujakosea kitu.

4. Jaribu. Hapa ndipo anko inapopatikana au kupotea. Toa punje tano kutoka sehemu tofauti za sufuria, siyo moja. Bana kila moja kati ya kidole gumba na kidole cha mwisho. Nasema kidole cha mwisho makusudi, kwa sababu hakina nguvu: kikiweza kuiponda punje bila kukaza, imeiva. Ndani pawe laini sawasawa, pasiwe na chembe nyeupe katikati, na ganda lisikatae kwenye meno. Kama nne zimeiva na moja bado, bado. Chemsha dakika kumi na tano nyingine, ujaribu tena punje tano mpya.

Sababu ya ukali huu ni kwamba sukari huvuta maji. Ukishaitia, maji yaliyokuwa yakiingia ndani ya punje huanza kutoka nje, na ganda linakaza. Unaweza kuendelea kuchemsha mpaka jioni. Punje iliyokutwa na sukari ikiwa ngumu itabaki ngumu. Niliwahi kuharibu gramu mia tano za azuki nilizonunua kwa bei ya juu kwa sababu wageni walikuwa njiani na nilijiambia kuwa zitamalizikia kwenye sukari. Hazikumalizikia.

5. Funika na uache. Zima moto, funika sufuria vizuri, acha dakika 20 hadi 30. Joto lililobaki hufikia zile punje chache zilizochelewa, na zilizolegea sana hutulia bila kupasuka. Watu huiruka hatua hii kwa kuwa haionekani kama kazi.

6. Chuja polepole. Tandika kitambaa kwenye chujio na mimina azuki taratibu. Weka kando kikombe kimoja cha maji yake. Usikamue, acha zichuruzike zenyewe kwa dakika chache.

7. Tia sukari kwa mafungu matatu. Rudisha azuki sufuriani kwenye moto mdogo. Tia theluthi ya sukari, geuza polepole mpaka iyeyuke, halafu fungu la pili, halafu la tatu. Utashangaa kuona azuki ulizozichuja zikiogelea tena kwenye maji. Ni sukari imeyatoa ndani ya punje, ni kawaida kabisa, usimwage. Ukitia sukari yote kwa mkupuo, maji hutoka kwa kishindo, na punje husinyaa.

Usishtuke na kiasi cha sukari. Uzito sawa wa azuki kavu na sukari ndio kipimo cha siku nyingi, kwa sababu azuki zikishachemka zinakuwa zaidi ya mara mbili ya uzito wake wa awali. Gramu 200 kwa gramu 250 za azuki ni tamu ya wastani. Ukishuka chini ya gramu 150 utapata maharage matamu yaliyopondwa: hayang'ai, hayashikamani, na yataharibika baada ya siku mbili.

8. Pika mpaka iwe nzito. Ongeza moto kidogo, ufike wa wastani. Pitisha mwiko chini ya sufuria kutoka ukingo hadi ukingo, ukikwangua kitako, bila kuponda punje. Aliyewahi kusimama kwenye sufuria ya halua anaujua mkono huu: haukimbii na hausimami. Dakika 10 hadi 15.

Angalia mikono yako. Anko ikianza kuwa nzito, mapovu yake hupasuka na kurusha matone ya sukari ya moto yanayonata kwenye ngozi na kuunguza vibaya kuliko maji. Vaa mikono mirefu, tumia mwiko mrefu, na watoto wakae mbali na jiko.

Dalili za kuiva ni mbili. Ukipitisha mwiko katikati, kitako kinaonekana kama njia, na njia hiyo inabaki wazi kwa kuhesabu hadi tatu kabla ya kufungika. Na ukiinua mwiko, anko inaanguka kwa bonge, haichuruziki. Iondoe motoni ikiwa bado laini kidogo kuliko unavyoitaka, kwa sababu ikipoa hukaza sana. Hili nalo huwakosesha wengi: wanapika mpaka ipendeze ikiwa ya moto, kesho yake wanakuta tofali.

9. Chumvi, kisha pooza. Dakika ya mwisho tia chumvi, geuza mara chache, zima. Chumvi haipaswi kuonekana ulimini. Kazi yake ni kuusimamisha utamu. Kimuraya ya Ginza, Tokyo, nyumba iliyobuni mkate wa anpan mwaka 1874, ilipopeleka anpan kwa Mfalme Meiji mwaka uliofuata iliweka katikati ya kila mkate ua la mcheri lililohifadhiwa kwa chumvi. Hadi leo anpan ya namna hiyo huliwa, na ukiionja utaelewa ile robo ya kijiko.

Usiiache ipoe sufuriani. Ichote kwa mwiko, iweke kwenye sinia kwa mabonge madogo madogo, itoe joto haraka. Mvuke mkali ukishaisha, funika kwa kitambaa chenye unyevu ili isikauke juu. Utapata kama gramu 600 hadi 650, za kutosha vipande zaidi ya ishirini vya daifuku.

Kama unataka koshian

Fuata hatua ya kwanza hadi ya tano, lakini safari hii hakuna ubaya punje zikipasuka. Zichemshe hata dakika ishirini zaidi. Kisha weka chujio juu ya bakuli kubwa, tia azuki kidogo kidogo, mimina maji na usugue kwa mgongo wa upawa. Maganda yanabaki juu, unga laini wa ndani unashuka na maji. Pitisha tena maji hayo kwenye chujio la matundu madogo zaidi kama unalo.

Acha bakuli litulie dakika 20. Unga utazama na maji ya juu yatakuwa mekundu yenye ukungu. Yamwage taratibu, ongeza maji mapya, koroga, acha tena. Rudia mara mbili au tatu mpaka maji ya juu yawe karibu safi. Mimina kilichobaki kwenye kitambaa cha pamba, kunja, ukamue kwa nguvu kama unavyokamua tui. Kinachobaki kitambaani ni unga mbichi unaoshikana ukiubana na kumeng'enyeka ukiugusa. Upime. Kwa kila gramu 100 za unga huo tia gramu 60 hivi za sukari. Weka sukari na maji kikombe nusu sufuriani kwanza, yeyusha, kisha tia unga na uendelee kama hatua ya nane.

Usitumie blenda kukwepa kazi hii. Wanga wa azuki umefungwa ndani ya vijumba vyake, na ukichemka protini huganda na kuufungia humo. Ndiyo sababu anko nzuri huyeyuka mdomoni badala ya kunata. Visu vya blenda hukata vijumba hivyo, wanga unatoka, unapata gundi. Na maganda bado yamo humo ndani.

Nikikosa azuki je?

Swali hili nalipenda, kwa sababu jibu lake limo sokoni kwetu. Azuki ni ndugu wa kunde na choroko. Wajapani wenyewe hulima kunde, wanaziita sasage, na Tokyo hupikia sekihan, wali mwekundu wa sherehe, kwa sasage badala ya azuki. Simulizi ni kwamba samurai, wapiganaji wa zamani, wa Edo, jina la kale la Tokyo, hawakupenda azuki kwa kuwa ganda lake hupasuka tumbo likichemka, jambo lililowakumbusha kujiua kwa kujipasua tumbo. Kunde nyekundu basi ndizo mbadala wa karibu kabisa. Zinaiva haraka kidogo, harufu yake ni nzito zaidi, na hatua zote ni zilezile.

Maharage meupe ni njia nyingine, na hapo hutakuwa unaiga kitu. Shiroan, anko nyeupe, hutengenezwa Japani kwa maharage meupe. Haya uyaloweke usiku kucha kwenye friji, umwage maji, uchemshe, uyamenye maganda, kisha ufuate njia ya koshian.

Maharage mekundu ya kawaida yana maganda mazito, kwa hiyo yanafaa kwa koshian tu. Lakini kuna onyo ambalo halina mjadala, na linayahusu meupe pia: maharage hayo yakiwa mabichi au nusu mabichi yana lektini, sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha vibaya. Yaloweke, mwaga maji, kisha yachemke kwa moto mkali, maji yakitokota kweli, si chini ya dakika kumi, ndipo upunguze moto. Usiyaanzishe kwenye jiko la umeme la joto la chini.

Sufuria ya presha inafaa kwa azuki, baada ya kumwaga maji ya kwanza. Dakika 15 hadi 20, iache ishuke presha yenyewe, na isijae zaidi ya theluthi kwa sababu ya povu. Punje nyingi zitapasuka, kwa hiyo naishauri zaidi kwa koshian.

Mambo yakienda kombo

Punje bado ngumu baada ya saa mbili na nusu. Ni za zamani, au maji yako yana chokaa. Kama sukari haijaingia, una nafasi: badili maji, endelea, au hamia sufuria ya presha. Usitie magadi. Yatalainisha, kweli, lakini rangi itaharibika na ladha itakuwa ya sabuni.

Punje ngumu na sukari imeshaingia. Haitakuwa tsubuan tena. Ongeza maji, pitisha kwenye chujio, tumia kile kilicholainika. Utapoteza nusu.

Ina ukakasi. Maji ya kwanza hayakumwagwa, au yalimwagwa mapema kabla rangi haijatoka. Kwa hii uliyonayo, maziwa au siagi pembeni yake hupunguza. Watu wa Nagoya, mji wa Japani, hula anko juu ya tosti yenye siagi, na ni mwenzi mzuri sana hata kwa anko isiyo na kasoro.

Ni nyepesi mno ikiwa imepoa. Irudishe motoni, dakika tano kwa moto wa wastani, ukikwangua chini.

Imekauka na kupasuka nyufa. Tia vijiko viwili vya yale maji uliyoweka kando, ipashe kwa moto mdogo. Ndiyo maana nilikuambia uyaweke.

Imeshika chini. Usikwangue. Hamisha ya juu kwenye sufuria nyingine mara moja, uionje. Harufu ya kuungua ikiwa imeshapanda, haitoki.

Imekuwa nyeusi. Sufuria ya chuma, au mwiko wa chuma. Inalika.

Kuhifadhi

Ikishapoa kabisa, iweke kwenye chombo chenye kifuniko. Kwenye friji hukaa siku tatu hadi tano. Kwenye friza, gawanya mafungu ya gramu 100, yafunge kwenye nailoni yakiwa bapa, hukaa mwezi mmoja hadi miwili. Yayeyushie kwenye friji usiku kucha, siyo mezani juani. Ukisikia harufu ya uchachu au ukaona utelezi, tupa.

Na ile anko iliyoganda kwenye kuta za sufuria usiioshe. Tia kikombe cha maji ya moto na punje chache za chumvi, rudisha jikoni, kwangua kwa mwiko mpaka yote iachie. Hiyo ni oshiruko, supu tamu ya azuki. Inywe ikiwa ya moto, ukiwa bado umesimama hapo jikoni.